Perege wa Vitambaa

Mimi naitwa Dorkas, na kazi yangu ni kushona. Watu wa usharika wetu hunitania kwamba wazazi walinipa jina la mshonaji wa kwenye Biblia wakijua nitaishia kwenye cherehani. Huwa nawaambia walete kitambaa, maneno hayavaliki. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye baraza yangu hapa Mamba nikikanyaga cherehani ya mguu. Sare za watoto wa mlima huu zimepita mikononi mwangu, na majoho ya kwaya, na magauni ya maharusi ambao sasa wananiletea sare za watoto wao niwapunguzie urefu. Marehemu mume wangu aliniachia shamba la tangawizi kwenye mteremko, ambako ukiteleza unaokotwa kwa jirani.

Mjue pia kwamba nina mdomo. Situkani, la, lakini ni mkali. Mteja akinibadilishia mshono siku ya kuja kuchukua nguo, atanisikia yeye na bodaboda aliyemleta. Ndivyo nilivyo, na sikuwahi kumwomba mtu radhi kwa sababu ya ukali wangu, mpaka mwaka huu nilipomwomba radhi mtoto wa miaka mitano.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu Loth. Mama yake, binti yangu Agatha, anauza samaki kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Baba yake aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo anaitafuta. Agatha akawa anaamka alfajiri kuwahi mitumbwi, mtoto yuko naye hapo hapo katikati ya ndoo na magamba na wanunuzi wanaogombana. Mwezi wa pili akaniletea. Akasema, "Mama, kaa naye asome chekechea huku. Kule bwawani hana wa kumwangalia."

Loth alishuka kwenye pikipiki akiongea. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, nikaitikia marahaba, halafu akaniuliza bwawa la huku tumelificha wapi. Siku tatu nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto alijua majina ya nyavu, alijua samaki wa jana na wa leo wanatofautiana wapi, na alinifundisha kumshika kambale asikuponyoke, japo kambale mwenyewe hatukuwa naye.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili.

Baada ya ibada tulisimama nje tukisalimiana, na mchungaji wetu, mtu mpole sana, akaja akamshika Loth shavu. "Huyu ndiye mjukuu wa Mama Agatha?" Loth akautoa ule mkono shavuni, akasema kwa sauti ya kunadi samaki, "Mzee, usinibinyebinye, hujatoa mahari."

Jamani. Wazee wa kanisa walikuwepo. Wanawake wa umoja wetu walikuwepo wote, na mimi ndiye katibu wao. Wengine walijificha kwenye kanga wakicheka, na mchungaji mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka. Nilisikia uso unawaka moto. Nikamkokota mtoto mpaka nyumbani, nikamkalisha mbele ya cherehani, nikamwonyesha sindano. Nikamwambia, "Unaiona hii? Siku ukifungua tena huo mdomo kwa maneno ya bwawani, nitaushona." Halafu, ili aelewe vizuri, nikakanyaga. Sindano ikapanda na kushuka mara tatu hivi.

Sisi tuliokulia huku tunajua hayo ni maneno tu. Mama yangu aliahidi kunikata masikio kila wiki na ninayo yote mawili. Lakini mama yangu hakuwa na mashine ya kukatia masikio pale sebuleni.

Loth akanyamaza. Nawaambieni ukweli, mwanzoni nilifurahi. Nikasema mtoto ameshika adabu. Akitumwa anakwenda, akiitwa anakuja, anakula, analala. Baada ya wiki mbili nikagundua kwamba hajasema hata neno moja, si la bwawani wala la kanisani. Agatha akipiga simu, mtoto anashika simu sikioni, anapumua tu. Nikampeleka zahanati wakamtazama masikio na koo, wakasema mzima. Jirani akasema karogwa, nikamfukuza barazani kwangu. Na hata hivyo, mimi mwenye akili zangu timamu, sikukumbuka ile sindano. Nilikuwa nimeshaisahau.

Chekechea ya usharika iko nyuma ya kanisa, chumba kimoja na uwanja. Mwalimu ni msichana mmoja kutoka kijiji cha Kifaru, anaitwa Doreen, mwembamba, hapandishi sauti. Mimi na yeye hatukuanza vizuri. Nilipeleka mtoto akasome, nikategemea daftari lijae irabu. Badala yake anarudi na tope mpaka magotini, kwenye sare niliyoishona mwenyewe. Nilipokwenda kuchungulia nikakuta chumba kimegawanywa pembe pembe: huku wanapika kwa vifuu, kule wanapanga mawe kwa ukubwa, wengine wanamwogesha mdoli, na nje kundi zima linachimba mifereji na kugombania zamu ya maji kama wazee wanavyogombania maji ya ndiva, lambo letu la kumwagilia mashamba.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu anasomea ufundi matofali?"

"Shikamoo Bibi," akasema, kunikumbusha kwamba sijasalimia mtu. "Hapo wanahesabu makopo, wanapanga zamu, wanaombana radhi. Kuandika kutakuja, mkono lazima ukomae kwanza."

Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima.

Mwezi wa nane mwalimu mkuu wa shule ya msingi akapita kuorodhesha watakaoingia darasa la kwanza Januari. Kila mtoto alitaja jina lake, akaimba kidogo, akahesabu. Loth alisimama akamtazama. Mwalimu mkuu hakuwa mbaya, alikuwa amechoka. Akaniita pembeni. "Bibi, darasa langu lina watoto themanini na nne. Asiyeongea nitamfundishaje? Mwezi wa kumi na moja anakuja mtaalamu kutoka wilayani kupima watoto. Huyu akiwa hivi hivi, ataandikiwa bweni la wenye mahitaji maalumu." Bweni lenyewe ni safari ya basi kutwa nzima, na mtoto harudi mpaka likizo.

Sisemi bweni ni pabaya. Kuna mtoto wa jirani yangu asiyeona, alikwenda, amefaidika, sasa anapiga kinanda. Lakini mtoto wangu hakuwa na tatizo lile. Baba yake alimwacha, mama yake akamleta kwangu, na sasa mimi ningempakia kwenye basi nimwache kwa watu wengine. Nilimjua mtoto yule kwa siku tatu tu, zile tatu za mwanzo, na nilijua kwamba akiondoka akiwa kimya ataamini kwamba dunia nzima inamtoa nje. Nilianza kukosa usingizi. Nilishona suruali mbili za mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Siku moja mwezi wa tisa, mchana, Mwalimu Doreen akaja barazani. Mkononi alikuwa na mdoli wa darasani, yule wa matambara.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Nina swali, lakini usinikasirikie."

"Inategemea swali lenyewe."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema leo Loth alimchukua mdoli akamkalisha mbele ya boksi. Akatafuta mwiba. Akawa anauchomeka mwiba mdomoni mwa mdoli, juu, chini, juu, chini, na wakati wote mguu wake wa kulia unapiga sakafu. Alipomaliza akamweka mdoli kwenye kona, uso ukutani. "Jumatatu alifanya hivyo hivyo, Bibi. Na wiki iliyopita. Watoto wakikosa maneno hutuambia kwa kucheza. Nataka kujua tu, hii ameiona wapi?"

Mimi nilikuwa naendelea kushona wakati anaongea, mguu wangu wa kulia uko kwenye pedali. Nikautazama ule mguu. Ukasimama wenyewe.

Mwenzangu, kuna aibu ya kuchekwa na watu nje ya kanisa, na kuna aibu nyingine inayoanzia tumboni. Nilimweleza yote: mchungaji, mahari, sindano. Sikuficha kitu. Nilitegemea anihubirie, kwa sababu mimi ningehubiri. Hakuhubiri. Alisema, "Wewe ulisema neno la kumtisha, yeye alisikia ratiba. Anasubiri siku yake ya kushonwa."

"Miezi saba?"

"Miezi saba, Bibi. Na anakaa nyumba moja na cherehani."

Jioni ile nilimwita Loth, nikapiga magoti ili tutazamane, nikamwomba radhi. Nikamwambia Bibi alikosea, Bibi hashoni midomo ya watu, Bibi hataishona kamwe. Alinisikiliza kwa adabu zote. Akaitikia kwa kichwa. Akaenda kulala. Hakusema kitu. Nililia, na nililia kwa hasira, maana mtu niliyemkasirikia alikuwa mimi mwenyewe.

Nilipomweleza Doreen akasema mtoto wa umri ule haamini maelezo, anaamini anachokigusa. Akaniuliza kama nina mabaki ya vitambaa. Nina mabaki? Nina magunia. Akasema, "Basi mshonee samaki. Acha aone hiyo sindano inafanya kazi gani nyingine."

Nikashona perege. Wa kwanza alikuwa kichekesho, alifanana na soksi. Loth alisimama mlangoni, mbali, akiangalia. Siku ya pili akasogea. Siku ya tatu akaleta kidole chake akaonyesha pezi la mgongoni likae wapi, na kweli nilikuwa nimelikosea. Nilimkatia vitambaa vya sare, bluu na kijani na zambarau ya kwaya, nikajaza kwa mabaki ya pamba. Nilipofika kwenye midomo nikaiacha wazi yote. Hilo hakunifundisha mtu. Loth alimshika perege mmoja akaingiza kidole mdomoni mwake, akakitoa, akakiingiza tena. Halafu akanitazama. Nikamwambia, "Huyo hatashonwa. Ndivyo alivyo." Tulifikisha samaki ishirini.

Pale chekechea Doreen akawapa pembe nzima iwe soko la samaki, na Loth akawa mwenye soko bila kuchaguliwa. Alipanga samaki kama mama yake anavyopanga, wakubwa mbele, wadogo ubavuni. Watoto walipogombana aliwatenganisha kwa mkono. Alianza kucheka. Lakini maneno, hakuna. Oktoba ikaisha. Mtaalamu akatuma taarifa kwamba anakuja Alhamisi.

Siku mbili kabla, Doreen akaniambia, "Bibi, njoo uwe mteja wake."

"Kwa nini mimi? Si atazidi kuogopa?"

"Anaogopa mtu mmoja tu. Ruhusa ya kuongea aliichukua huyo huyo, na huyo ndiye wa kuirudisha. Na tafadhali, usiongee kama uko kanisani."

Alhamisi ikafika. Mtaalamu alikuwa Bwana Habibu, mtu wa makamo, mwenye mfuko wa karatasi na viatu vyenye vumbi la njia nzima. Mwalimu mkuu alikuja naye. Mama Mchungaji alikuja pia kwa sababu yuko kwenye kamati ya chekechea. Wote wakakalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakawafika kidevuni. Bwana Habibu alimsogelea Loth, akamuuliza jina. Kimya. Akamwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya. Nikaona anaandika kitu kwenye karatasi.

Doreen akasema watoto waendelee kucheza. Loth akaenda nyuma ya samaki wake. Mimi nikachukua kikapu nikaenda.

"Samaki bei gani, baba?" nikauliza kwa upole.

Kimya. Alikuwa ananitazama mdomo. Si macho, mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto alikuwa anataka kuona mwingine akisema kwanza, na huyo mwingine atapatwa na nini. Nilimtazama Mama Mchungaji, ambaye tumeimba naye sauti ya pili miaka ishirini. Nikasema moyoni, Dorkas, leo ndiyo leo. Nimewahi kukaa bwawani na Agatha, nimewasikia wanawake wa kule wakinunua. Nikamshika perege wa kijani kwa mkia, nikamnyanyua juu watu wote wamwone.

"Haya ndiyo mnayoyaita samaki?" nikasema kwa sauti iliyotoka nje ya chumba. "Huyu alikufa lini, Pasaka? Ananuka kama soksi za mlevi. Macho yamemtoka kama bwana harusi aliyeonyeshwa mama mkwe. Nani aliyekudanganya kwamba utaniuzia mimi takataka hii?"

Mama Mchungaji akashika shingo yake. Mimi nikakaa pale nimeshika perege, mdomo wangu uko pale pale usoni, mzima, hakuna kilichoupata, na Loth anautazama.

Akasema, "Kama ananuka, ziba pua, lipa, ondoka."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza kidogo, imekaa sana bila kutumika. Nilitaka kumkumbatia pale pale. Lakini Doreen alikuwa amenionya nisivunje mchezo hata kidogo, nikabana machozi, nikaendelea. "Nitalipa nini kwa samaki mwembamba hivi? Mwenyewe ana njaa kuliko mimi."

"Mwembamba ni wewe. Huyo ana mayai."

Watoto wakalipuka kwa kicheko, wakaja wote, na soko likawa soko. Loth akawa anapokea majani ya mparachichi kama malipo na anarudisha chenji ya punje za mahindi. Aliyeleta majani matatu akapewa watatu wadogo. Aliyeleta majani matano akapewa mmoja mkubwa na wawili wadogo, akaambiwa ashukuru. Kuna mtoto mmoja, Shukrani, mnyonge kidogo, alisimama pembeni hana jani hata moja. Loth akamtupia perege mdogo wa zambarau akasema, "Chukua, kamwonjeshe mama, kesho uje na hela."

Bwana Habibu akainuka kwenye kiti chake kwa shida, akaja na yeye, akamshika samaki mmoja akimgeuza geuza. Loth akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, aliyeshika amenunua."

"Nimenunua," akasema Bwana Habibu. "Wamebaki wangapi?"

Loth hakuwaangalia hata. "Sita. Saba na huyo wako, ukimrudisha."

Bwana Habibu akawahesabu. Walikuwa sita mezani na mmoja mkononi. Akarudi kwenye kiti, akaichukua karatasi aliyokuwa ameiandika, akaikunja mara mbili, akatoa nyingine. Akamuuliza Doreen maswali, Doreen akamjibu, na nikasikia anasema kosa lilikuwa dogo na mtoto alilibeba peke yake. Hakutaja ni la nani. Halafu Bwana Habibu akamgeukia mwalimu mkuu. "Huyu ataingia kwako Januari. Mkalishe mbele. Na kwa hesabu yake hiyo, usimrudishe kwenye kuchora vijiti vya kuhesabia."

Mwalimu mkuu akasema sawa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasema, "Bibi, sikujua una mdomo hivyo."

"Wateja wangu wanajua," nikamjibu.

Mama Mchungaji alinikumbatia mlangoni. Aliniambia sikioni kwamba kwenye mkutano wa wanawake hataliandika lile la bwana harusi kwenye muhtasari. Nilimwambia muhtasari huandikwa na katibu, na katibu ni mimi. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na mimi nilikuwa nalia hapo hapo, na sikujali nani ananiona. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba jiwe kifuani nikidhani ni umri.

Tukaanza kupanda kurudi nyumbani, mimi na Loth, njia ile ya mashamba ya tangawizi. Nilitegemea ataongea. Hakuongea. Alitembea mbele yangu, kimya, samaki wawili kwapani. Nikaanza kuogopa upya. Nikafikiri labda ilikuwa mchezo tu, imekwisha, imebaki chekechea.

Tulipofika kwenye kona ya mwisho akasimama. Akageuka.

"Bibi," akasema taratibu. "Na nyumbani naweza kuongea?"

Niliketi pale pale njiani, kwenye majani, na gauni langu zuri. Nikamwambia anaweza. Nikamwambia anaweza kila mahali, sebuleni, barazani, kanisani, mbele ya wateja wote, na akikosea neno tutalirekebisha kama watu.

Akakaa kando yangu, akaweka perege wake kwenye goti langu ili mikono yake iwe huru, akaanza kunieleza mambo ya tangu mwezi wa pili, kwa mpangilio, na hakuruka hata siku moja.